SOMO LA ROBO HII: Kuchagua Kigeuzi cha Sauti kwa Maikrofoni ya USB



Kamati nyingi zinapoomba vifaa vya kurekodi mahubiri, kwaya na vipindi vya redio, huandika sharti moja tu: "kiwe cha biti 24." Katika somo hili tunaeleza kwa nini sharti hilo peke yake halitoshi. Fedha inayotumika ni sadaka ya washarika na michango ya wahisani. Tena, simulizi ya mzee ikishanaswa pamoja na muungurumo, ni vigumu kuisafisha baadaye.

Kazi ya kila sehemu
Maikrofoni ya kawaida hutoa umeme mdogo sana, milivolti chache tu. Kikuza sauti cha awali huuongeza mara mamia. Ndipo chipu ya kigeuzi huupima maelfu ya mara kwa sekunde na kuugeuza kuwa tarakimu, ambazo hupita kwenye waya wa USB hadi kwenye kompyuta. Kelele iliyoingia kabla ya hapo, kigeuzi huiandika vilevile pamoja na sauti.

Mambo ya kuangalia
1. Kasi ya kupima. Sikio la binadamu husikia hadi mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde, na kigeuzi hupaswa kupima zaidi ya mara mbili ya hiyo. CD hutumia 44,100. Vipimo 48,000 vinatosha. Kulipia 192,000 hakuboreshi mahubiri.

2. Biti. Kila biti huongeza desibeli 6 hivi. Kwa hesabu, biti 16 ni desibeli 96 na biti 24 ni 144, lakini chipu zenyewe hazifiki huko. Someni kwenye karatasi ya mtengenezaji tofauti kati ya sauti na kelele. Kwa mfano, kigeuzi cha chipu ya PCM2902 ya Texas Instruments, ya biti 16, kimeandikiwa desibeli 89. Kwa usomaji na mahubiri yatosha. Kwa kwaya inayoanza polepole na kumaliza kwa nguvu, biti 24 huwezesha kurekodi kwa kiwango cha chini bila kupoteza sauti ndogo.

3. Kikuza sauti cha awali. Kikiwa na mvumo, biti 24 hazisaidii. Hapa ndipo fedha itangulie.

4. Umeme. Tundu la USB 2.0 hutoa volti 5 na hadi miliampea 500, na mara nyingi umeme huo hubeba kelele za kompyuta. Kifaa kizuri huuchuja. Maikrofoni nyingi za kondensa za studio huhitaji volti 48. Za dainamiki hazihitaji.

Jaribio kabla ya kulipa
Rekodini dakika moja ya ukimya, kisha mtu asome kwa sauti ya kawaida, maikrofoni ikiwa umbali wa shubiri moja. Sikilizeni kwa hedifoni. Rudieni mkiwa mmechomoa chaja ya kompyuta. Muungurumo ukitoweka, chanzo ni umeme, si kigeuzi. Msikimbilie kununua kingine.

Maswali ya kujadili
(a) Tutarekodi nini zaidi: maneno au kwaya?
(b) Maikrofoni tulizo nazo ni za aina gani?
(c) Nani atafanya jaribio na kuleta taarifa kwenye kamati?

Tunaomba majibu yaambatane na ombi lenu, ili kila shilingi ifanye kazi iliyotolewa.