Pesa Mkononi mwa Familia: Zinafanya Kazi Gani, na Nini Huziharibu

Kila mara msaada wa fedha unapotajwa barazani, swali moja huulizwa kabla ya mengine: maskini akipewa pesa bila masharti, si atazinywea pombe? Ni swali la haki, kwa kuwa pesa za umma ni jasho la watu. Lakini si swali la kujibiwa kwa kubahatisha. Kwa zaidi ya miaka kumi vijiji vya Kenya, hasa vya Kaunti ya Siaya, vimechunguzwa kwa makini kuhusu jambo hili. Somo hili linaeleza yaliyoonekana huko, sababu zake, na mambo ambayo familia, chama na kamati ya kijiji katika kaunti yoyote inaweza kujifunza.

Msaada wa fedha ni nini?

Ni pesa anazopewa mtu au familia yenye shida ili izitumie kwa uamuzi wake yenyewe. Haipewi gunia la mahindi wala orodha ya vitu vya kununua.

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya hifadhi ya jamii, na kinaitaka Serikali kuwasaidia wale wasioweza kujikimu wao na wanaowategemea. Kazi yenyewe ilianza kabla ya Katiba hiyo. Mwaka 2004 Serikali ilianza majaribio ya kuzipa fedha familia zinazolea mayatima na watoto walio katika mazingira magumu. Leo mpango wa Inua Jamii huwalipa Sh2,000 kwa mwezi wazee wa miaka 70 na zaidi, familia zinazolea watoto hao, na familia zenye watu wenye ulemavu mkubwa. Huko Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera ulianzishwa pia mpango wa kukabili njaa, ili familia za wafugaji zisilazimike kuuza mifugo yote ukame unapobana.

Mbali na Serikali, yako mashirika yanayotoa fedha. Linalojulikana zaidi ni GiveDirectly, ambalo hutuma pesa kwa simu. Ni fedha za shirika hili zilizochunguzwa Siaya.

Yaliyoonekana Rarieda

Kati ya 2011 na 2013, familia maskini za eneo la Rarieda zilichaguliwa kwa kura. Baadhi zilipata pesa, nyingine hazikupata, kisha watafiti wakalinganisha maisha ya pande zote mbili. Kiasi kidogo kilikuwa Sh25,200, na kikubwa Sh95,200. Wengine walipewa kwa mkupuo mmoja, wengine kila mwezi kwa miezi tisa. Katika boma moja aliyepewa alikuwa mume, katika jingine alikuwa mke.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Familia zilizopata pesa zilikula vizuri zaidi, zikaongeza mifugo, zikabadilisha mapaa ya nyasi kuwa ya mabati, na zikapata mapato zaidi kutokana na mifugo na biashara ndogo. Watu walisema wana furaha zaidi na msongo wa mawazo umepungua. Matumizi ya pombe na tumbaku hayakuongezeka.

Ni vyema pia kueleza kile ambacho hakikuonekana. Katika muda huo mfupi, uchunguzi haukupata mabadiliko makubwa katika elimu na afya.

Kwa nini pesa zifanye hayo?

Sababu ya kwanza ni kwamba umaskini una gharama zake. Mfano ni paa la nyasi. Nyasi huoza, na kila baada ya mwaka mmoja au miwili lazima zinunuliwe nyingine na fundi alipwe. Mabati hununuliwa mara moja yakadumu miaka mingi. Mwenye nyumba ya nyasi analijua hilo vyema. Hajakosa akili, amekosa pesa za kulipa yote kwa wakati mmoja.

Ndivyo ilivyo kwa chakula. Mwenye akiba hununua gunia la mahindi wakati wa mavuno, bei ikiwa chini. Asiye na akiba hununua gorogoro moja moja, na huwa ananunua zaidi miezi ile ambayo ghala zimekauka na bei imepanda. Mbuzi naye huuzwa siku ambayo mtoto ameugua au karo inadaiwa, si siku ambayo soko lina bei nzuri. Pesa inayofika kabla ya siku hiyo humwokoa mbuzi, na mbuzi aliyeokolewa huzaa.

Sababu ya pili ni kwamba mahitaji hayafanani. Katika kijiji kimoja, boma moja linahitaji mbegu, la pili lina deni la duka, la tatu lina mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa sare. Wote wakipewa gunia la mahindi, wawili kati yao huenda wakaliuza kwa hasara ili wapate kile walichokihitaji. Anayelala ndani ya nyumba ndiye anayejua linapovuja.

Pesa ya jirani humfikia nani?

Wengi huhofia kwamba pesa zikimiminwa kijijini, bei zitapanda na waliokosa wataumia. Hofu hiyo nayo ilichunguzwa. Katika maeneo ya Alego, Ugunja na Ukwala, vijiji 653 viliingizwa katika uchunguzi mkubwa, na zaidi ya familia 10,000 zilizokuwa na nyumba za nyasi zikapata takriban Sh87,000 kila moja, kwa awamu.

Bei zilipanda kwa kiasi kidogo mno, karibu asilimia 0.1. Familia ambazo hazikupewa chochote nazo ziliongeza matumizi. Watafiti walikadiria kuwa kila shilingi iliyoingia ilizalisha takriban shilingi mbili na nusu katika uchumi wa eneo lile.

Jinsi inavyotokea si vigumu kuelewa. Mashine ya kusaga unga inayokaa bila kazi nusu ya siku inaweza kuwahudumia wateja zaidi bila kununuliwa mashine ya pili. Vivyo hivyo fundi wa mabati anayengoja kazi, mama wa kibanda cha mboga, na mwendeshaji bodaboda. Shilingi ya mnufaika humlipa fundi, fundi hununua unga, na mwenye mashine humlipia mtoto karo. Wateja walikuwa wachache, watu wa kufanya kazi walikuwepo, na kwa hiyo bei haikuwa na sababu ya kuruka.

Mtoto mchanga na siku za kujifungua

Baadaye watafiti walirudi katika vijiji hivyo hivyo kuuliza kuhusu watoto waliozaliwa. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2025 ndiyo mazito kuliko yote. Katika familia zilizopata pesa, vifo vya watoto wa chini ya mwaka mmoja vilipungua kwa karibu nusu.

Mambo mawili yalichangia. Kwanza, kina mama wengi zaidi walijifungulia hospitalini. Pili, kina mama waliweza kupumzika. Katika miezi ya mwisho ya mimba na miezi ya kwanza baada ya kujifungua, walipunguza sana kazi za sulubu, na chakula nyumbani kikaongezeka.

Lakini kuna la kuzingatia. Faida ilikuwa kubwa pale pesa zilipofika karibu na wakati wa kujifungua, na kwa familia zilizoishi karibu na vituo vya afya vyenye madaktari. Pesa zilipokwisha, faida hiyo nayo ilififia. Nauli ya kwenda hospitalini haina maana ikiwa hospitali haiko, na hospitali haimsaidii mama aliyekosa nauli. Pesa na huduma hutembea pamoja.

Kila mwezi au kwa mkupuo?

Kule Rarieda, waliopewa kila mwezi walikuwa na uhakika zaidi wa chakula. Waliopewa kwa mkupuo walinunua zaidi vitu vya kudumu. Hakuna njia iliyo bora kwa kila jambo: pesa ya kila mwezi hulisha, na mkupuo hujenga.

Uchunguzi mwingine, ulioanza mwaka 2018 katika vijiji 295 vya Siaya na Bomet, uliongeza funzo. Vijiji vingine viliahidiwa malipo ya kila mwezi kwa miaka 12, vingine kwa miaka 2 pekee, vingine vikapewa mkupuo, na vingine havikupewa ili viwe vya kulinganisha. Watu hawakuacha kazi. Wengi walipunguza vibarua na kuongeza shughuli zao wenyewe. Walioahidiwa miaka 12 na waliopewa mkupuo walianzisha biashara zaidi kuliko wale wa miaka 2, ingawa wale wa miaka 12 na wa miaka 2 walipokea kiasi kile kile kwa mwezi. Tofauti ilikuwa uhakika wa kesho. Mwenye uhakika kwamba pesa itakuja huthubutu kupanga.

Wale wa miaka 12 walitumia pia njia ambayo kila kijiji cha Kenya kinaijua: chama. Mnufaika wa Inua Jamii anaweza kufanya hivyo hivyo. Watu kumi wakichanga Sh500 kila mwezi, kila mmoja hupokea Sh5,000 zamu yake inapofika. Sh1,500 zinazobaki hulisha, na Sh5,000 hununua kuku wa kufuga au mbegu na mbolea kabla ya mvua. Jambo la lazima ni kuchagua wenzake wa kuaminika, kuandika kila mchango kwenye daftari, na kutochanga pesa ambazo nyumbani zingekuwa chakula cha jioni.

Pesa huvujia wapi?

Ikiwa nguvu ya msaada huu iko katika kufika kamili, kwa wakati na kwa uhakika, basi kila anayeukata anabomoa kile kinachoufanya ufae. Mahali pa kuangalia ni hapa:

1. *Nambari ya siri.* Mzee asiyeona vizuri humpa wakala simu na nambari yake, kisha anaambiwa, "Nyanya, mtandao umepotea, niachie simu urudi kesho." Simu na kitambulisho havibaki kwa mtu. Ni heri kurudi siku nyingine pamoja na mtu wa familia anayeaminika.

2. *"Chai" ya kuandikishwa.* Kusajiliwa ni bure. Hakuna afisa, mzee wa kijiji wala mwanakamati anayestahili kulipwa ili jina liingie au libaki kwenye orodha.

3. *Deni la duka.* Mwenye duka hukaa na kadi au laini ya simu ya mnufaika kama rehani. Siku ya malipo, pesa hupita mkononi mwake kwanza, na mwenyewe hajui deni limebaki kiasi gani.

4. *Mlezi asiyelea.* Pesa za yatima hupokelewa na mtu mzima. Mtoto akiwa hana daftari wala sare ilhali malipo yanaingia, majirani wana wajibu wa kusema.

5. *Ugomvi wa nyumbani.* Pesa zinazozua fujo kati ya mume na mke hazilishi mtu. Familia ikae na kupanga kabla ya siku ya malipo: hiki ni cha chakula, hiki cha shule, hiki cha akiba.

Malalamiko hupelekwa kwa kamati ya ustawi wa wanufaika ya eneo, kwa chifu au naibu wake, au kwa ofisi ya huduma za jamii katika kaunti ndogo. Anayelalamika aandike tarehe, kiasi kilichopungua na mahali alipolipwa. Lalamiko lenye tarehe ni rahisi kufuatilia kuliko lile la "wanatuibia."

Mipaka ya pesa

Sh2,000 kwa mwezi haziondoi umaskini wa boma la watu wanane. Pesa hazichimbi kisima, hazitengenezi barabara wala haziajiri muuguzi. Ukame ukiwa umefunga soko na hakuna cha kununua, chakula chenyewe ndicho hutangulia. Na orodha yoyote huacha mtu nje. Jirani aliyekosa kwa nukta moja huenda ana njaa sawa na aliyepata, ndiyo maana orodha inafaa kusomwa hadharani, na wanaofariki au kuhama waripotiwe mapema ili nafasi zao ziwafae wengine.

Hata hivyo, swali la barazani limepata jibu. Familia maskini za Siaya zilipopewa pesa hazikuzinywea. Zilikula, zikaezeka, zikafuga, na watoto wengi zaidi wakafikisha mwaka wao wa kwanza.

Maswali ya kujadiliana katika chama au barazani

1. Katika kijiji chenu, ni gharama gani maskini hulipa zaidi kuliko mwenye nacho kwa sababu tu hana pesa kwa wakati mmoja?

2. Mama mjamzito akipata Sh2,000 mwezi mmoja kabla ya kujifungua, ni mambo gani mawili yanayofaa kulipiwa kwanza? Je, kituo cha afya kilicho karibu kina huduma anazohitaji?

3. Taja mzee au mlezi anayehitaji mtu wa kumsindikiza siku ya malipo. Nani atamsindikiza mwezi ujao?

4. Mnufaika akipunjwa Sh200 kila mwezi, amepoteza kiasi gani kwa mwaka, na kiasi hicho kingemnunulia nini?