Stafford Northcote: Mwingereza Aliyeafiki Mpaka wa Kenya na Tanzania

Anayevuka mpaka Horohoro, Holili au Namanga anapita kwenye mstari uliokubaliwa London mwaka 1886. Waziri aliyeuafiki kwa niaba ya Uingereza ndiye pia aliyeshiriki kuandika kanuni za ajira serikalini ambazo nchi zetu zinazifuata mpaka leo. Majibu haya yanahusu maisha yake na yale aliyotuachia.

Stafford Northcote alikuwa nani?

Alizaliwa London tarehe 27 Oktoba 1818, katika ukoo wa kimwinyi wenye mashamba Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza. Alisoma Eton, kisha Chuo cha Balliol, Oxford. Mwaka 1851 alirithi cheo cha ubaroneti kutoka kwa babu yake. Alianza kazi akiwa katibu wa mwanasiasa William Gladstone, kisha akawa mtumishi katika Bodi ya Biashara. Mwaka 1855 aliingia bungeni, akabaki kuwa mhafidhina thabiti hadi kifo chake.

Kwa nini anatajwa katika historia ya utumishi wa umma?

Katikati ya karne ya 19, kazi serikalini Uingereza zilipatikana kwa kujuana. Mkubwa aliandika kimemo, na mtoto wa rafiki yake akapewa meza ofisini hata kama hakuwa na uwezo. Northcote na Charles Trevelyan wa Hazina walitakiwa kuchunguza hali hiyo, na ripoti yao ikachapishwa mwaka 1854.

Walipendekeza mambo ambayo leo tunayaona ya kawaida: watu waajiriwe kwa mtihani wa ushindani, wapandishwe vyeo kwa uwezo wao, na kazi za kufikiri zitenganishwe na kazi za kunakili. Wakubwa wengi walipinga. Tume ya Utumishi iliundwa mwaka 1855, lakini mtihani wa wazi kwa sehemu kubwa ya wizara ulikuja mwaka 1870.

Mfumo huo ulikuwa na kasoro. Mitihani ya vyeo vya juu iliwafaa zaidi waliosoma vyuo vya matajiri, na wanawake waliachwa nje. Hata hivyo, ulivunja mazoea ya kugawiana ofisi za serikali kama mali ya familia.

Alishika nyadhifa gani?

Mwaka 1867 aliteuliwa kuwa Waziri wa India. Katika kipindi chake, jeshi lililoandaliwa Bombay lilitumwa Uhabeshi kuwakomboa Wazungu waliofungwa na Mfalme Tewodros II. Vita hivyo viliishia Magdala mwaka 1868, na Tewodros akajiua. Mwaka 1871 Northcote alikuwa miongoni mwa wajumbe wa Uingereza waliofikia Mkataba wa Washington na Marekani. Alikuwa Waziri wa Fedha kuanzia 1874 hadi 1880. Mwaka 1885 alipewa cheo cha Earl wa Iddesleigh, na Agosti 1886 akawa Waziri wa Mambo ya Nje.

Mpaka ulikubaliwaje?

Ujerumani ilikuwa imeanza kudai bara la Tanganyika kupitia kampuni ya Mjerumani Carl Peters. Sultani Barghash wa Zanzibar alipinga, kwani alizihesabu nchi hizo kuwa zake. Tume ya Waingereza, Wajerumani na Wafaransa ilikwenda kupima eneo lake. Kisha Balozi Hatzfeldt wa Ujerumani na Iddesleigh, yaani Northcote, walibadilishana hati za makubaliano, tarehe 29 Oktoba na 1 Novemba 1886.

Sultani aliachiwa visiwa vya Unguja, Pemba, Mafia na Lamu, ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10, na baadhi ya miji ya Benadir katika pwani ya Somalia. Bara liligawanywa kwa mstari ulioanzia mdomo wa Mto Umba, ukapita Ziwa Jipe, ukazunguka chini ya Kilimanjaro upande wa kaskazini, ukaishia Ziwa Victoria. Barghash alikubali Desemba mwaka huo kwa sababu hakuwa na namna nyingine. Wadigo, Wataveta, Wachaga na Wamasai hawakuulizwa.

Je, Malkia Victoria alimzawadia mjukuu wake Kilimanjaro?

Hapana. Masimulizi hayo yameenea sana, lakini tarehe zinayakanusha. Mstari ulikubaliwa mwaka 1886, na mjukuu huyo, Wilhelm II, alitawazwa Kaizari wa Ujerumani mwaka 1888. Sababu halisi ni mikataba ya mawakala. Mwingereza Harry Johnston alikuwa amepata mkataba Taveta mwaka 1884, na mwaka uliofuata Karl Jühlke wa kampuni ya Peters akapata mikataba Uchagani. Kwa hiyo mstari ulipitishwa kati ya Taveta na nchi ya Wachaga.

Alifariki vipi?

Mwanzoni mwa Januari 1887, Waziri Mkuu Salisbury aliamua kuchukua mwenyewe Wizara ya Mambo ya Nje. Iddesleigh alipata habari za kuondolewa kwake magazetini. Tarehe 12 Januari alikwenda Downing Street kumwona Salisbury, akaanguka na kufariki humo humo.

Historia hii inatuhusu nini leo?

Ibara ya 232 ya Katiba ya Kenya inataka ushindani wa haki na sifa viwe msingi wa ajira ya umma, na Tanzania ina Sekretarieti ya Ajira inayosimamia usaili. Kanuni hiyo ni njema na tuilinde. Lakini Northcote aliyedai haki kwa waombaji kazi wa nchini mwake aliafiki kugawanywa kwa nchi za watu ambao hawakusikilizwa. Kwa hiyo, mwananchi, nafasi ya kazi ya umma ikitangazwa, dai sifa zitajwe wazi na vimemo visipokelewe. Na mradi wowote unaogusa ardhi ukiletwa kijijini kwako, dai wenyeji wasikilizwe kabla ya hati kutiwa saini.