Nyerere: Uanze na Lipi?

Maswali haya yametoka kwa msomaji wetu wa Makoko, Manispaa ya Musoma. Anayejibu ni mwandishi wa safu hii, ambaye amefundisha falsafa kwa muda mrefu.

Nimeazimwa Uhuru na Umoja ya Mwalimu Nyerere, lakini baada ya kurasa chache nimechoka. Hotuba zake redioni hazikuwahi kunishinda. Kwa nini kitabu kinanishinda?

Kiweke pembeni kwanza. Hicho si kitabu ambacho Nyerere alikaa akakiandika kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ni mkusanyo wa hotuba na maandishi ya mwaka 1952 hadi 1965, uliotolewa 1966, kisha ukafuatwa na Uhuru na Ujamaa na Uhuru na Maendeleo. Ukurasa huu Tanganyika bado iko chini ya Mwingereza, mbele kidogo tayari ni Jamhuri. Ukiusoma mfululizo kama riwaya, lazima upotee.

Redioni ulilijua tukio lililomfanya aseme. Kitabuni tukio limeshaondoka, yamebaki maneno. Sentensi zake ni nyepesi, ila karibu kila moja inamjibu mtu ambaye wewe humwoni. Kwa hiyo kabla ya kusoma andiko lolote, tafuta mambo mawili: aliliandika mwaka gani, na alikuwa anabishana na nani.

Sawa. Nianze na lipi basi?

Tujisahihishe, kijitabu cha mwaka 1962. Ni kifupi, kimeandikwa kwa Kiswahili, na wanaoambiwa wanajulikana: wanachama wenzake wa chama cha TANU, miezi michache tu baada ya uhuru. Anawakemea kwa kuchukia kukosolewa, na kwa kupima hoja kwa cheo au sura ya aliyeitoa. Ukweli, kwa maoni yake, haubadiliki kwa sababu mkubwa hakupendezwa nao. Hapo umeshakutana na mwanafalsafa, na bado hujagusa uchumi.

Kutoka hapo nenda kwenye Azimio la Arusha, tamko la siasa ya TANU la 1967. Wengi huanza na orodha ya imani za TANU, wakaishia hapohapo. Mimi ningekupeleka moja kwa moja sehemu ya tatu, ya kujitegemea. Ndiyo ndefu, na ndiyo yenye mabishano ya kweli: kwa nini fedha isifanywe msingi wa maendeleo ya nchi isiyo nayo, na kwa nini mkulima asibebeshwe mzigo wa kulipia starehe za mjini. Kisha ruka hadi sehemu ya tano usome masharti ya viongozi: kutokuwa na hisa katika kampuni yoyote, kutopokea mishahara miwili, kutokuwa na nyumba ya kupangisha. Msomaji wa leo ataona mwenyewe kwa nini masharti hayo hayakudumu.

Rafiki yangu anasisitiza nianze na makala ya Ujamaa ya Aprili 1962.

Simuungi mkono. Ni nzuri mno kwa kuanzia, ndiyo hatari yake. Humo ujamaa ni hali ya moyo, na Afrika ya zamani inaonekana haina mnyonyaji wala mvivu. Anayeanza hapo huondoka ama ameshiba sifa au amekasirika. Isome baada ya Azimio, ndipo utaona alivyosogea: mwaka 1967 moyo peke yake hautoshi tena, anataka njia kuu za uchumi ziwe mikononi mwa wakulima na wafanyakazi.

Wazee wetu wanasimulia jinsi watu walivyohamishwa kwenda vijijini. Nikisoma aliyoyaandika Nyerere, nayaona tofauti.

Ni tofauti kweli, na usiikwepe tofauti hiyo. Katika Ujamaa Vijijini, Septemba 1967, anasema kijiji cha ujamaa kiundwe na watu waliokubali wenyewe, hawawezi kulazimishwa. Novemba 1973 anatangaza kuwa kuishi vijijini ni amri. Miaka iliyofuata mamilioni ya Watanzania walihamishwa, wengine kwa nguvu.

Soma Ujamaa Vijijini, kisha kaa na hao wazee, halafu fungua Azimio la Arusha Baada ya Miaka Kumi, la 1977. Humo anakiri kuwa Tanzania bado si nchi ya kijamaa wala haijajitegemea. Wapo wanaomsoma kama msahafu, wapo wanaomsoma kama mshitakiwa. Wote huruka moja ya hatua hizo tatu.

Hapa Makoko wamisionari Wakatoliki wa Maryknoll walianzisha shule ya lugha. Kuna andiko linalomgusa jirani yangu ambaye ni Mkatoliki?

Lipo. Mwaka 1955, baada ya kuacha ualimu katika shule ya Pugu, Nyerere alirudi nyumbani akamfundisha Kizanaki padri mmoja wa Maryknoll. Miaka kumi na mitano baadaye, Oktoba 1970, aliwahutubia masista wa Maryknoll huko New York, akawaambia Kanisa lisiposhiriki kupinga mifumo inayowafanya watu kuwa maskini, litakosa maana kwao. Hotuba hiyo imo katika Uhuru na Maendeleo.

Na wasifu wake?

Baadaye. Ule wa Shivji, Yahya-Othman na Kamata, wa mwaka 2020, ni bora kuliko zote nilizosoma, lakini ni vitabu vitatu. Ukianza navyo utajua maoni yao kabla ya kuwa na yako. Tafuta Tujisahihishe kwanza; kikikushinda hicho, niandikie tena.