Mtoto Asiyetulia na Masomo ya Redio

Tarehe 19 Machi 2020 shule zote za Kongo zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Zikafungwa tena toka Desemba mwaka ule hata Februari 2021. Wakati ule wa kwanza Radio Okapi ilianza kutangaza masomo yaitwayo Okapi École, ili watoto wajifunze wakiwa nyumbani. Kazi hiyo ilikuwa njema. Lakini somo la redio hutengenezwa kwa ajili ya mtoto awezaye kuketi kimya na kufuata sauti ya mtu asiyemwona. Je, yule asiyeweza?

Wako kwanza watoto wenye usonji, hali iliyoelezwa na daktari Leo Kanner huko Marekani mwaka 1943. Mtoto wa namna hii aweza kuchelewa kusema, au asitazame watu usoni, au arudie tendo moja mara nyingi. Kelele na mabadiliko humsumbua mno. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 katika kila 127 alikuwa na hali hiyo. Wako tena wale ambao hali yao madaktari huiita TDAH kwa Kifaransa: hawatulii, hukurupuka, husahau agizo kabla halijaisha. Hali zote mbili zatokana na jinsi ubongo unavyokua. Hazikuletwa na malezi mabaya, wala haziondolewi kwa kiboko.

Yapasa jambo hili lifahamike vema katika Masisi na Walikale, maana mtoto asiyeitika aitwapo huweza kusingiziwa uchawi. Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto, katika kifungu cha 160, humwadhibu amshtakiye mtoto kwa uchawi. Kila mzee wa kijiji na aijue, hata na wale wajiitao waombezi.

Basi, redio peke yake haimfundishi mtoto huyu. Amfundishaye ni mama, baba au dada aliye karibu naye, na redio ni msaidizi wake tu. Mzazi asikilize somo mwenyewe, achague jambo moja, azime redio, kisha amfundishe mtoto hilo kwa dakika tano, kwa vitu vya kushika mkononi: maharagwe katika milima ya Masisi, chikichi katika misitu ya Walikale. Agizo liwe fupi: “Chukua tatu.” Akiisha kuchukua, ndipo aambiwe, “Ongeza mbili.” Asiyetulia atumwe katikati ya somo kuchota maji au kufukuza kuku, kisha arudi, kumlazimisha aketi ni kupoteza somo na urafiki pamoja. Mwenye usonji, kinyume chake, huenda akapenda saa ile ile kila siku, na mkeka ule ule. Sauti ikimwumiza masikio, ipunguzwe. Asiyesema achorewe kwa makaa, juu ya ubao, mambo ya siku yalivyo kwa taratibu yake: kuoga, kula, kusoma, kucheza.

Mwalimu naye asidhani kazi yake imekwisha kwa kuwa redio inasema. Siku ya soko aweza kutuma karatasi ya mazoezi, na kabla ya kuiandika amwulize mama mtoto anapenda nini. Apendaye ng’ombe ahesabishwe ng’ombe.

Tena iko vita. Januari 2025 kundi la M23 lilitwaa Masisi-centre, na Machi likaingia Walikale-centre. Watu wengi walikimbia. Mtoto mwenye usonji, akikimbizwa hivyo, hupoteza kwa siku moja vyote vilivyomtuliza. Jamaa hawawezi kubeba darasa, lakini mfuko wa maharagwe yale yale wabebeka, na wimbo ule ule wa kuanzia somo. Wenyeji wanaowapokea waelezwe mapema kwa nini mtoto hulia akisikia makelele, wasije wakamchapa.

Shule ifunguliwapo, asiachwe nyumbani ati kwa kuwa amezoea kusoma huko. Sheria ya tarehe 3 Mei 2022 yalinda haki za watu wenye ulemavu, na kusoma ni mojawapo. Aandikwe pamoja na wenzake, na siku ya kwanza mama aende na ule mfuko wa maharagwe, amwonyeshe mwalimu jinsi mtoto anavyohesabu.