Ngitili: Ardhi Iliyopumzishwa

Katika somo lililopita mlijifunza jinsi maji ya mvua yanavyochukua udongo wa juu. Leo tutaona jinsi wanavijiji wa Mkoa wa Shinyanga walivyoutibu ugonjwa huo wa ardhi.

Zamani sehemu kubwa ya Usukuma ilikuwa misitu ya migunga na miombo. Misitu hiyo ilifyekwa ili kuwafukuza mbung'o, kisha ikafyekwa tena kwa ajili ya mashamba ya pamba na kuni. Ilipofika miaka ya 1980, vilima vingi vilikuwa vitupu. Kila kiangazi ng'ombe walikonda kwa kukosa malisho, na akina mama walitembea mbali mno kutafuta kuni.

Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI. Mwanzoni wataalamu walitilia mkazo vitalu vya miche. Baadaye wakatambua kwamba wazee wa Kisukuma walikuwa na dawa yao ya siku nyingi, nayo ni ngitili.

Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza. Mifugo haiingii humo mpaka kiangazi kikolee, nyasi zikiwa zimekwisha kwingineko. Mara nyingi hakuna ua wala seng'enge. Eneo hulindwa kwa makubaliano ya kijiji, na ayavunjaye hutozwa faini.

Je, miti ilitoka wapi ikiwa haikupandwa? Visiki vingi vilikuwa hai bado! Mizizi yake ilikuwa na chakula cha akiba, nayo ilitoa machipukizi kila mwaka. Mbuzi na ng'ombe waliyala yangali machanga. Mifugo ilipozuiwa, machipukizi yakawa miti. Nyasi nazo zilipunguza mwendo wa maji, yakapata nafasi ya kuzama ardhini.

Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa hekta 600 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilizidi hekta 300,000.

Jaribio

Chukueni vibao viwili vilivyo sawa. Juu ya kimoja wekeni bonge la udongo lenye nyasi, na juu ya cha pili udongo mtupu. Viinamisheni kidogo, kisha wekeni bakuli chini ya kila kimoja. Mwagieni maji ya kipimo kimoja kwa kopo lililotobolewa matundu. Maji ya bakuli lipi yana tope zaidi? Yaacheni yatulie hadi kesho, kisha pimeni kwa rula unene wa udongo uliotuama katika kila bakuli.