Leza au Maji? Vidokezo 6 Kabla ya Kupeleka Chuma Kukatwa

Mchoro uko tayari, fundi anauliza: tukate kwa leza au kwa maji? Bei isubiri kidogo. Fikiria kwanza ukingo wa kipande utakuja kufanywa nini: utachomelewa, utapakwa rangi, utakatwa nyuzi za skrubu, au utaachwa wazi uonekane?

1. Bati jembamba lipe leza. Kwa chuma cha milimita 1 hadi 6, tena vipande vingi vinavyofanana, usihangaike. Leza ya faiba hukimbia mita kadhaa kwa dakika, na njia inayoacha ni sehemu ndogo tu ya milimita. Maji hula karibu milimita 1 nzima, kwa hiyo maua ya geti na herufi ndogo za bango ni kazi ya leza.

2. Uliza gesi gani inatumika. Wateja wengi huliruka swali hili, kisha wanamlaumu mpaka rangi. Oksijeni huunguza chuma na kurahisisha kukata kile kinene kwa gharama ndogo, lakini huacha ukingoni ngozi nyembamba ya oksaidi. Rangi ya unga hushika ngozi hiyo badala ya chuma chenyewe. Ngozi ikibanduka, rangi nayo inaondoka. Naitrojeni huacha ukingo mweupe, safi, ila hutumika kwa wingi na inalipiwa. Kazi ikienda kwenye rangi, ama lipia naitrojeni ama tenga muda wa kusugua kingo zote. Mimi ningelipia, mkono wa fundi na msasa navyo vina bei. Kwa stenlesi sioni hata haja ya kujadili: naitrojeni.

3. Joto likiwa adui, nenda kwenye maji. Pampu husukuma maji kwa shinikizo la takriban bar 4,000, halafu mchanga wa garneti unaingizwa njiani. Mchanga ndio unaokata, maji yanaubeba tu. Aliyefanikisha mchanganyiko huo, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, ni Mohamed Hashish, mhandisi mzaliwa wa Misri aliyekuwa akifanya kazi Marekani. Kwa kuwa ukingo haupati moto, ugumu wa chuma haubadiliki. Hilo ni muhimu kwa chuma kilichokwisha kugumishwa, na kwa tundu litakalokatwa nyuzi. Leza inaweza kuugumisha ukingo wa tundu kiasi cha kuvunja tapu, kifaa cha kukatia nyuzi, na tapu ikivunjikia ndani, jioni yako imekwisha.

4. Vipo visivyoguswa. PVC usiipeleke kwenye leza hata kwa majaribio: hutoa gesi ya haidrojeni kloraidi inayochoma mapafu na kula mashine. Kioo kilichokwisha kupikwa kuwa tempa hakikatwi kwa njia yoyote kati ya hizi mbili, kitasambaratika. Kikatwe kwanza, kipikwe baadaye. Granaiti, marumaru na mpira mnene ni vya maji. Akriliki na mbao nyembamba zinataka leza ya CO2, si ya faiba.

5. Unene usikutishe. Maji hukata hata milimita 100, polepole, na kila dakika unalipa. Lakini sahani ya kukalia nguzo, itakayofunikwa na zege, inahitaji ukingo mzuri wa nini? Plasma au gesi inatosha.

6. Safisha mchoro. Peleka faili la DXF katika milimita, kwa kipimo halisi, na ufute mistari iliyolaliana, maana mashine itaikata mara mbili na wewe utalipa mara mbili. Kwa leza, tundu lisiwe dogo kuliko unene wa bati. Na vipande vya chuma cha kawaida vilivyotoka kwenye maji vikaushwe na kupakwa mafuta siku hiyohiyo, kabla kutu haijaanza.