Maswali na Majibu: Gharama za Kutunza Pikipiki na Kazi za Kujifanyia Mwenyewe

Marudio haya ni ya wanaojiandaa na mtihani wa ufundi pikipiki. Mfano wetu ni bodaboda ya cc 125, yenye kabureta na breki za shuu. Bei zote humu ni za zoezi tu.

Swali la 1. Dereva hutembea kilomita 120 kwa siku, siku 6 kwa wiki, na humwaga oili kila kilomita 1,500. Lita 1 ya oili ni shilingi 12,000, fundi hulipwa 3,000. Atatumia kiasi gani kwa mwaka, na akijifanyia mwenyewe ataokoa kiasi gani?

Jibu. Kwa wiki ni kilomita 720, kwa wiki 52 ni 37,440. Gawa kwa 1,500: karibu mara 25. Oili ni 300,000, ufundi 75,000, jumla 375,000. Akijifanyia anaokoa 75,000.

Wengi huweka kalamu chini hapo. Endelea kidogo: ujira wa fundi ndio fungu dogo katika hesabu hii. Akikaa gereji saa 2 kila mara, mwaka mzima ni saa 50 ambazo pikipiki haiingizi kitu, na hesabu ya tajiri mwenye pikipiki iko palepale. Tena anayemwaga oili kwa mkono wake anaiona oili yenyewe. Akisugua tone kati ya vidole na kuhisi chenga za chuma, amepata habari mapema, kabla injini haijaanza kugonga. Faida hiyo ndiyo ninayotaka uielewe kuliko zile 75,000.

Swali la 2. Dereva huyohuyo anabana matumizi kwa kumwaga oili kila kilomita 3,000. Je, amepata faida?

Jibu. Kwenye karatasi amebakiza kama 150,000 za oili. Lakini injini hii hubeba oili ya karibu lita 1 tu, na hiyohiyo ndiyo inayolainisha pistoni, gia na klachi. Robo lita ikiungua, robo ya kinga yote imekwenda. Siku atakapochonga silinda na kununua pistoni na ringi, atazirudisha zile 150,000, na siku ambazo pikipiki italala gereji hakuna wa kumlipa.

Swali la 3. Kwa nini oili ya gari haifai?

Jibu. Klachi ya pikipiki nyingi huogelea ndani ya oili ya injini. Baadhi ya oili za gari zina dawa ya kupunguza msuguano, na klachi bila msuguano inateleza: unavuta mafuta, injini inalia, mwendo hauongezeki. Tafuta alama ya JASO MA kwenye kopo.

Swali la 4. Taja makosa mawili ya kawaida wakati wa kumwaga oili.

Jibu. La kwanza ni kupima oili pikipiki ikiwa imeegemea stendi ya pembeni. Isimamishe wima mahali tambarare, futa kijiti, kirudishe na usome. Katika injini nyingi za namna hii kijiti husomwa bila kukikaza. Thibitisha kwenye kitabu cha pikipiki.

La pili ni kukaza bolti ya chini kwa nguvu zote. Bolti ni chuma, kava ya injini ni alumini, na alumini ndiyo inayoumia. Pikipiki yangu ya kwanza ilirudi kutoka gereji moja uzi wa tundu ukiwa umeliwa. Asubuhi nilikuta doa jeusi sakafuni, la ukubwa wa sahani. Wosha bapa ya bolti hiyo ikichakaa, weka mpya, kaza hadi bolti ishike barabara, kisha acha.

Swali la 5. Eleza namna ya kukaza cheni.

Jibu. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, gia huru. Zungusha gurudumu la nyuma polepole huku unaipima cheni kwa kidole, maana haichakai sawasawa: kuna sehemu imelegea na sehemu imebana. Pima pale ilipobana zaidi, katikati ya sproketi mbili, upande wa chini. Kwa pikipiki nyingi ndogo mchezo wa milimita 20 hadi 30 unafaa. Legeza nati ya ekseli, kisha zungusha vikazio vya kushoto na kulia kwa kiasi kilekile. Tazama mistari iliyochongwa kwenye mkono wa nyuma. Ukivutia upande mmoja, gurudumu litakaa mshazari na sproketi italiwa ubavuni.

Kaza ekseli, pima tena, halafu rekebisha breki ya nyuma. Gurudumu limesogea, kwa hiyo breki nayo imebadilika. Hatua hii husahaulika mno, na kuisahau kunaua watu.

Swali la 6. Upande uliofungwa wa klipu ya cheni uelekee wapi?

Jibu. Kule cheni inakokwenda.

Swali la 7. Rangi ya plagi inakwambia nini?

Jibu. Hudhurungi hafifu: injini inaunguza vizuri. Nyeusi kavu yenye masizi: petroli imezidi hewa, anza na chujio la hewa kabla hujagusa kabureta. Nyeusi yenye oili: huenda ringi zimechoka. Nyeupe: hewa imezidi, injini inachemka.

Swali la 8. Injini ya Honda CG125 ina uhusiano gani na somo hili?

Jibu. Honda waliitoa mwaka 1976, wakilenga nchi ambako pikipiki hubebeshwa mizigo na kucheleweshewa oili. Badala ya cheni ya ndani ya kuendesha kemshafti ya juu, waliweka fimbo za kusukuma valvu. Viwanda vya China viliinakili, na nakala hizo zimebeba abiria wengi Afrika Mashariki. Kuseti tapeti zake ni kazi unayoiweza: injini iwe ya baridi, alama ya T ilingane, valvu zote mbili ziwe zimefungwa, nafasi iwe milimita 0.08. Fila gaji ipite kwa kukwaruza kidogo.

Swali la 9. Kazi zipi zipelekwe kwa fundi?

Jibu. Kupasua injini, kuchonga silinda, kunyoosha rimu, na beringi za magurudumu kama huna zana ya kuzitoa. Nenda mwenyewe, simama pale, na omba ukabidhiwe spea ya zamani mkononi.